Reli ya mezani: mwongozo kamili wa treni ndogo kwa mtu mzima wa Nairobi mwenye kazi, kodi ya nyumba na jamaa wenye maswali

Mtu mzima anayeanza treni ndogo Nairobi hukwama kwa sababu nne, na ni moja tu kati yake inayohusu treni zenyewe. Nafasi ni finyu, vifaa vinatoka ng'ambo, kazi inakula jioni zote, na jamaa wanauliza kwa nini pesa hizo hazikununua ploti. Wengi huanzia kwenye hilo swali la mwisho, wakataka kumshawishi shangazi kabla hata gurudumu moja halijazunguka. Hapo ndipo wanapokosea. Lawama za jamaa hufuata vitu vinavyoonekana: maboksi yasiyofunguliwa, mbao zilizoegemezwa ukutani mwaka mzima, mchango wa harusi uliochelewa. Ukijenga reli ndogo, inayobebeka, inayokwisha upesi, na ukailipia baada ya majukumu, nusu ya maneno hayo hayatasemwa kabisa.

Chagua skeli kabla ya kupenda treni

Skeli ni uwiano wa modeli na kitu cha kweli, na skeli mbili ndizo rahisi kupata vipuri vyake. N ni 1:160, na nafasi kati ya reli zake ni mm 9. HO ni 1:87, nafasi yake mm 16.5. Waingereza wana OO ya 1:76, ambayo hupita kwenye reli zilezile za HO, ila ukichanganya majengo ya skeli hizo mbili macho yatakuambia kuna kitu hakiko sawa.

HO inapendeza na inashikika vizuri, lakini kona yake ya kawaida ina nusu kipenyo cha mm 457. Duara zima ni karibu mita moja kwa upana. Ndani ya bedsitter, huo ni upana wa kitanda. N inageuka kwa nusu kipenyo cha mm 249, yaani duara la nusu mita tu. Kama unaishi bedsitter au one bedroom, chukua N bila kufikiria mara mbili. HO iwe ya mwenye DSQ, kile chumba cha mfanyakazi nyuma ya nyumba, isiyo na mpangaji.

Kuna mtego mmoja unaowanasa Wakenya. Reli ya zamani, ile iliyofika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, ni ya mita moja, wakati modeli nyingi za madukani ni za reli pana ya mm 1435. Ukitaka Garratt za daraja la 59, vichwa vikubwa vya mvuke, zile 34 zilizoundwa na Beyer, Peacock ya Manchester miaka ya 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, hutazipata zikiwa tayari kwenye seti ya kuanzia. Itabidi ujenge mwili mwenyewe. Hesabu ni hizi: reli za mm 12 kwa skeli ya 1:87 (huitwa HOm), au reli za mm 9 za N ukijenga vitu vyako kwa 1:110, ambapo mm 9 zinakuwa sentimita 99 za kweli. Garratt hiyo yenye urefu wa karibu mita 32 itakuwa sentimita 29 hivi kwa 1:110. Ni kazi nzuri, lakini iwe ya mwaka wa pili. Vipimo na picha utazipata kwenye Makumbusho ya Reli karibu na stesheni kuu ya Nairobi, yaliyofunguliwa 1971. 5918 Mount Gelai imesimama pale. Nenda na tepu ya kupimia, na uombe ruhusa kwanza.

Mpenzi wa SGR ana njia fupi zaidi. Madaraka Express, iliyoanza 2017, huvutwa na vichwa vya dizeli vya ukoo wa DF11 wa China. Tafuta modeli ya DF11 ya HO, kisha uipake rangi upya.

Pesa: fungu lake liwe peke yake

Panga hivi kila mwezi: kodi ya nyumba, karo, unachotuma nyumbani, SACCO na chama, akiba ya dharura. Kinachobaki ndicho pesa yako ya kupumua, na treni ichukue sehemu ya hicho tu. Fungu liwekwe mahali pake, kwenye akaunti ya akiba iliyofungwa kwa miezi mitatu au minne, lisichanganyike na M-Pesa ya kila siku. Faida ni mbili: hutanunua kwa pupa usiku, na ukiulizwa pesa zimetoka wapi unalo jibu lenye tarehe.

Bei unayoiona kwenye duka la ng'ambo si bei utakayolipa. Forodha hukokotoa ushuru juu ya bei ya kitu pamoja na nauli na bima, kisha VAT ya 16% inakuja juu ya jumla iliyokwisha kuongezwa ushuru. Kuna pia ada ya IDF, yaani ya tamko la uagizaji, na ada ya maendeleo ya reli, RDL, iliyoanzishwa 2013 kugharamia SGR. Kwa hiyo anayeagiza treni ya sentimita kumi na mbili anaichangia ile ya kweli. Jamaa wakicheka, hiyo ni hoja halali. Angalia viwango vya sasa vya KRA kabla ya kulipia, na usimwombe muuzaji aandike bei ya chini. Forodha wana haki ya kukadiria upya, na mzigo ukipotea bima italipa kile tu kilichoandikwa.

Agiza mara moja au mbili kwa mwaka, kila kitu kwa pamoja. Vifurushi vidogo vidogo vinakula nauli na kila kimoja kinazua swali mlangoni.

Ubao

Nunua plaiwudi ya mm 9, futi 8 kwa 4. Mwenye hadhwea au seremala mwenye mashine akukatie vipande vinne vya futi 4 kwa 2, ambavyo ni kama mm 1220 kwa 610. Unahitaji kimoja, vitatu vitakuwa rafu, kifuniko, na akiba. Kwa fremu ya chini, chukua futi 16 za mbao za saiprasi za 2 kwa 1, zilizopigwa randa na kukauka. Kata mbili za mm 1220 na tatu za mm 560. Toboa tundu la mm 15 katikati ya kila kipande kifupi kabla ya kuunganisha, kwa ajili ya nyaya. Ukisahau utakuja kutoboa kichwa chini miguu juu. Tangulia na dirili ya mm 3, kisha skrubu za inchi moja na nusu na gundi ya mbao.

Mbao mbichi ndizo adui mkubwa hapa. Saiprasi ya Gikomba ikiwa na maji bado, ubao utapinda wiki chache baada ya mvua za Machi kuisha, na reli zitainuka kwenye viungio. Iache ndani ya nyumba wiki mbili kabla ya kukata. Paka plaiwudi rangi pande zote mbili na kingo. Ukipaka juu tu, upande mmoja unakunywa unyevu na mwingine haunywi, basi ubao unajikunja.

Ukimaliza utakuwa na ubao wa kilo saba hivi. Unasimama nyuma ya mlango, unapita kwenye ngazi za ghorofa, na unaingia nyuma ya Probox viti vikilazwa.

Kutandika reli

Kwa mara ya kwanza tumia reli za N zenye kitako chake cha plastiki, kama Unitrack ya kampuni ya Kato. Reli laini za kupinda zinaonekana kama za kweli zaidi, lakini zinahitaji mkono uliozoea. Kwa ubao huu unahitaji vipande 8 vya kona vya R249 vya digrii 45, na vipande 4 vya mstari vya mm 248, viwili kila upande. Umbo litakuwa na urefu wa takriban mm 1020 na upana wa mm 525. Hapo unabaki na sentimita nne kila upande wa urefu. Hiyo inatosha, lakini gongomea ukingo wa plastiki ngumu wa sentimita 5 kuzunguka ubao. Kichwa cha treni kikianguka kutoka mezani kwenye sakafu ya tailsi, hakuna fundi wa kukirudisha.

Ongeza swichi moja ya reli, pale njia inapogawanyika, na njia ya kando ndani ya duara. Ichore kwanza kwenye XTrackCAD, ambayo ni programu ya bure, au upange vipande sakafuni kabla ya kuagiza. Baadhi ya swichi hukata umeme kwenye njia isiyochaguliwa; treni iliyoegeshwa pale ikikataa kuwaka, usianze kuifungua.

Usijaribu daraja la treni kupita juu ya treni. Inahitaji kupanda kama sentimita 5, na kichwa kidogo cha N hupanda vizuri mteremko wa asilimia 2, yaani sentimita 2 kwa kila mita. Kupanda na kushuka ni mita 5. Duara lako lote ni mita mbili na nusu. Ukitaka daraja, kata ubao uteremshe bonde chini ya reli, nayo reli ibaki tambarare.

Kabla ya gundi, endesha treni saa nzima kwa mwendo wa chini kabisa. Pitisha kidole kwenye kila kiungio: kucha ikikwama, gurudumu litaruka hapohapo siku moja.

Umeme

Stima yetu ni volti 240. Vifaa vya Japani vinatarajia 100 na vya Marekani 120. Soma kibandiko cha adapta: ikiwa kimeandikwa 100–240V, badilisha plagi tu, ikiwa ni 100V au 120V peke yake, usiichomeke hata kwa sekunde moja. Itawaka, na harufu yake jamaa hawataisahau. Nunua adapta ya hapa yenye volti na aina ya mkondo ulioandikwa kwenye kidhibiti cha mwendo, na uhakikishe ncha chanya iko upande sahihi kwa multimita.

Peleka nyaya kwenye reli sehemu mbili zinazokabiliana, nyekundu kwenye reli ya nje kote, nyeusi ya ndani. Waya wa mm² 0.5 unatosha kwa ubao huu. Ukilehemu, tumia chuma cha wati 40 na uguse kwa sekunde mbili tatu, la sivyo plastiki itayeyuka. Fungua dirisha, na unawe mikono kabla ya kumbeba mtoto, maana risasi ya kulehemu mara nyingi ina madini ya risasi.

Stima ikipotea, chomoa kila kitu. Hatari iko inaporudi. Mwenye betri ya sola ya volti 12 anaweza kuendesha treni gizani kwa kidhibiti cha PWM (kinachotuma umeme kwa mapigo ya harakaharaka), fyuzi ya ampea 1, na swichi ya kugeuza ya miguu sita. Ila vichwa vyenye mota isiyo na kiini cha chuma hupata joto kwa PWM ya masafa ya chini. Vikinguruma na kuchemka, acha.

DCC, mfumo wa kuongoza kila treni peke yake kwenye reli moja, uache hadi uwe na vichwa viwili. Wakati huo DCC-EX, programu ya bure, juu ya Arduino Mega, kibao kidogo cha kompyuta, na shilda ya mota, kibao cha kuendesha mota, ndiyo njia nafuu, na sehemu za namna hiyo hupatikana kwa wauza elektroniki wa mjini.

Treni ikisimama mahali palepale kila mara, kosa ni kiungio. Ikisimama ovyo kila mahali, ni uchafu: vumbi la Januari na Februari Nairobi linatosha kuziba reli kwa siku tatu. Futa kwa alkoholi ya isopropili, ileile ya mafundi wa simu. Spiriti ya kemisti mara nyingine huwa na mafuta yanayobaki juu ya reli. Msasa usiguse; mikwaruzo yake hushika uchafu zaidi.

Mandhari ya hapa

Hapa ndipo Nairobi inampita mtu wa ng'ambo anayenunua kila kitu kwenye pakiti. Kokoto za reli ni mchanga uliooshwa, ukakaushwa, ukachujwa kwa chujio la chai hadi chembe zisizozidi mm 1. Kisha pitisha sumaku iliyofungwa karatasi ya nailoni juu yake mara kadhaa. Mchanga na udongo wetu mwekundu una chembe za chuma, na chembe hizo huvutwa na sumaku ya mota hadi zikaikwamisha. Usipofanya hatua hii utaua kichwa cha treni. Gundi ni nyeupe ya mbao nusu kwa nusu na maji, na tone la sabuni ya vyombo. Isiguse ulimi wa swichi. Waya wa kusugulia sufuria nao ukae mbali kabisa na ubao, kwa sababu ileile.

Nyasi ni nyuzi za katani zilizokatwa fupi sana. Majani ya miti ni sponji ya vyombo iliyosagwa na kupakwa rangi. Milima ni styrofoam ya maboksi ya televisheni, ila ibandike kwa gundi nyeupe, kwani gundi ya viatu huiyeyusha.

Mabati ndiyo yanayofanya kijiji kionekane cha Kenya. Mawimbi ya mabati ya kweli yana nafasi ya mm 76. Ukigawa kwa 160 unapata karibu nusu milimita. Skrubu ya M3, yenye unene wa mm 3, ina nyuzi zenye nafasi ya mm 0.5. Bingirisha skrubu juu ya karatasi ya alumini iliyowekwa kwenye mpira laini, ukibonyeza, na unapata bati. Kwa HO tumia M5, ambayo nafasi yake ni mm 0.8. Maliza kwa rangi ya kutu iliyozimuliwa sana.

Kazi yako

Mwajiri hana haja na treni zako hadi zitakapomgharimu. Vipindi vitatu vya dakika arobaini kwa wiki vinamaliza ubao huu kwa miezi miwili hivi. Usiku wa manane mmoja wa kulehemu hadi alfajiri unakuchelewesha Mombasa Road na unakupa jina baya. Kazi za kukata na kupaka rangi nyumba za modeli zinaingia kwenye boksi la chakula cha mchana, lakini rangi zenye harufu zibaki nyumbani.

Kwenye CV usiandike "kupenda treni". Andika ulichofanya: umebuni na kuunganisha mfumo wa kuongoza mota kwa Arduino, umesoma michoro, umejenga maketi, yaani modeli za majengo, kwa skeli. Mhandisi, fundi umeme au mchoraji majengo atasomeka vizuri kwa hilo. Maketi za wasanifu majengo ni kazi ya kulipwa, na mkono uliozoea 1:160 hautapata shida na 1:200. Chukua arubuni ya nusu kabla ya kununua kadi hata moja, na kama mwajiri wako yuko kwenye ujenzi, mwambie kwanza.

Anayefanya kazi kwenye reli yenyewe asitumie michoro ya ofisini kujenga modeli. Na yeyote anayepiga picha stesheni aombe ruhusa kwa walinzi kabla ya kutoa kamera.

Jamaa

Anza na mwenzi wako wa nyumbani, kabla ya kulipia chochote. Mwonyeshe nambari moja, jumla yote pamoja na ushuru, na rafu moja ambayo vitu havitaivuka. Naye awe na fungu lake la ukubwa uleule, lisiloulizwa. Anayeficha boksi chini ya kitanda hukamatwa kwa ajili ya kuficha, wala si kwa ajili ya treni.

Mama akisema unachezea vitu vya watoto, mara nyingi treni si hoja yake. Anauliza kuhusu ploti, ndoa, au wajukuu. Jibu hilo: "Mama, ya ploti tuliongea Desemba. SACCO imefika nusu, nitakuonyesha taarifa yake ukija." Ukimweleza uzuri wa skeli ya N badala yake, mtaongea lugha mbili.

Mjomba anayekutania mbele ya watu kwenye mkutano wa harusi anataka kicheko, na ukibishana atakipata. Sema kwa upole: "Mjomba, mchango wangu niliutuma Jumanne. Hii ni pesa ya kupumzika, kama wengine wanavyokwenda mpirani." Jibu hili linasimama tu ikiwa mchango ulitumwa kweli Jumanne.

Ndugu anayekuja na "una pesa za treni lakini huna za kunikopesha" ndiye mgumu zaidi. Mwambie kilichopo leo: "Treni nililipa Machi. Sasa hivi ninazo elfu mbili, nikutumie hizo?" Usiahidi kuuza kichwa cha treni ili umsaidie. Soko la mitumba la vitu hivi hapa ni dogo, utauza kwa hasara na mtagombana wote wawili. Kwa sababu hiyohiyo usimwambie mtu yeyote kwamba treni ni uwekezaji. Si kweli, na atakuja kukukumbusha.

Wakwe wasikutane na reli siku ya kwanza. Simamisha ubao nyuma ya mlango, wataiona wakishakujua.

Watoto wa jamaa watataka kushika. Weka treni moja ya bei rahisi kwa ajili yao, bana kidhibiti kisipite nusu ya mwendo, na funika mengine kwa kile kifuniko cha plaiwudi. Kumfukuza mtoto kwenye treni hakusameheki ukoo mzima.

Kisha angalia kama ukoo wenu una mtu wa reli. Familia nyingi za Nairobi zinaye: aliyekaa nyumba za reli za Muthurwa au Makongeni, aliyefanyia kazi East African Railways kabla ya shirika hilo kuvunjika 1977 na Kenya Railways kuundwa 1978. Muulize stesheni yake ilikuwa na njia ngapi, tangi la maji lilikuwa upande gani, ishara zilikuwa za aina gani. Ijenge hiyo. Muulize kwa sababu unahitaji kujua, usimtumie kama wakili wako. Wazee hutambua tofauti haraka.

Daftari

Weka daftari la kawaida la mistari, au jedwali kwenye simu lenye nakala kwa mtu mmoja unayemwamini. Safu ni tano: kitu, tarehe, bei ya kununulia, jumla ya ushuru na nauli, na hali yake sasa. Andika bei za kweli. Anayemwambia mkewe kwamba kichwa kilikuwa elfu mbili anajua bei halisi peke yake. Siku akilazwa hospitalini na pesa zikahitajika, kitauzwa kwa elfu mbili hizohizo. Ukurasa wa mwisho uwe na maelezo mafupi: vitu viuzwe pamoja au kimojakimoja, wapi wanunuzi wapo, na kwamba maboksi ya awali yasitupwe, kwa kuwa modeli yenye boksi lake huuzika kwa bei bora. Jaza daftari kila mzigo unapofika, siku hiyohiyo, risiti ya forodha ikiwa bado mkononi.